Rangi za baraza la nyumba ya zamani: uamini kadi, stika, simu au kopo la sampuli?

Kati ya vifaa vyote anavyopewa mtu anayetafuta rangi ya baraza, ni kopo dogo la sampuli pekee linalostahili kupewa neno la mwisho, na hata hilo lipakwe ubaoni, lisipakwe ukutani. Kadi za rangi, stika za sampuli, programu za simu na mashine ya dukani ya kunakili rangi vina kazi zake, na vingine vinaifanya kazi hiyo vizuri, ila kila kimoja kina mahali kinapodanganya. Na baraza la nyumba ya zamani ni mahali pabaya pa kudanganywa. Lina kivuli na jua kwa wakati mmoja, lina mbao, lipu, chuma na saruji vinavyogusana, na chini ya rangi inayoonekana kuna matabaka ya miaka mingi ambayo yataamua rangi mpya ishike au ibanduke.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaoharibu hesabu za wengi. Ukuta unaopigwa na jua hupausha rangi yoyote: krimu huonekana nyeupe, kijivu hafifu huonekana kama ukuta ambao haujaguswa. Ndiyo maana mafundi wazoefu hushauri kwamba ukipaka nje, shuka hatua moja au mbili kwenye kadi kuelekea rangi iliyokolea. Ushauri huo ni sahihi kwa ukuta wa jua, lakini ukiufuata barazani utajuta. Chini ya paa la baraza jua halifiki isipokuwa asubuhi au jioni. Kinachofika ni mwanga wa anga, wenye ubuluu ndani yake, pamoja na mwanga unaorushwa na sakafu, nyasi na chochote kilicho mbele ya nyumba. Kijivu kilichoonekana kimetulia dukani hugeuka zambarau. Krimu yenye ukijani kidogo hukolea ukijani ikitazamana na miti. Sakafu ya damu ya mzee, jua la jioni likiigonga, hurusha wekundu mpaka juu, na dari iliyopakwa nyeupe pee ikaonekana ya waridi. Kubadilisha aina ya nyeupe hakutakusaidia hapo. Dawa ni kuamua rangi ya sakafu kwanza, kisha dari ipimwe ikiwa juu ya sakafu hiyo.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa kuchagua una uzito kuliko rangi yenyewe. Anza na vitu ambavyo hutavipaka: paa, matofali, mawe, vigae, saruji iliyosuguliwa. Hivyo havibadiliki, kwa hiyo ndivyo vinavyotoa amri. Halafu sakafu ya baraza, kisha ukuta, kisha mbao za pembeni na nguzo, kisha dari. Mlango uwe wa mwisho. Anayeanza na mlango kwa sababu ameupenda sana hujikuta analazimisha mita za mraba sitini zifuate mita mbili.

Kadi ya rangi

Kadi ni chujio zuri na la bure, na tunaipa alama za juu kwa kazi hiyo moja tu. Kipande cha sentimita tatu hakiwezi kukuonyesha ukuta. Rangi ikienea eneo kubwa huonekana kali zaidi kuliko kwenye kipande, hasa manjano, kijani na waridi. Manjano iliyoonekana kama siagi kwenye kadi inaweza kupiga kelele ikiwa ukutani.

Faida kubwa ya kadi ni namba ambayo watu wengi hawaisomi. Kampuni nyingi huandika nyuma ya kadi, au kwenye orodha zao, kipimo kinachoitwa LRV: kiasi cha mwanga ambacho rangi inaurudisha, kuanzia 0 kwa nyeusi kamili hadi 100 kwa nyeupe kamili. Kwa baraza namba hiyo ina manufaa kuliko jina la rangi. Dari ya baraza lenye kina cha mita mbili au zaidi isishuke chini ya 70, la sivyo mlango na madirisha ya nyuma yatakaa gizani mchana. Ukuta wa ndani ya baraza unakaa vizuri kati ya 45 na 65. Sakafu inavumilika zaidi kati ya 15 na 35, kwa sababu ukishuka chini ya hapo vumbi na nyayo huonekana kila unapopita, na ukipanda sana tope ndilo linaloonekana. Kati ya rangi mbili zinazogusana, acha pengo la angalau pointi 20 kama unataka mchongo au fremu ionekane kwa mtu aliye nje ya geti. Pengo la pointi 5 linapotea kabisa kwenye kivuli, na utakuwa umelipia rangi mbili ukapata moja.

Kuna ujanja wa kusoma kadi unaofaa kila mtu aujue. Usihukumu rangi hafifu kwa kuitazama yenyewe. Tazama ile iliyokolea kuliko zote kwenye ukanda huohuo. Kama ya chini kabisa ni kahawia yenye wekundu, basi krimu ya juu ina wekundu pia, na utaujua ikishakauka ukutani. Funika vipande vya jirani kwa karatasi nyeupe unapotazama. Tena ishike kadi kama rangi itakavyokaa: wima kwa ukuta, chini kwa sakafu, juu ya kichwa kwa dari. Kadi ileile ikiinuliwa kuelekea dari hupoteza mwanga mara moja.

Kuhusu kadi zinazouzwa kwa jina la rangi za kihistoria, kama mkusanyiko wa Historical wa Benjamin Moore wenye rangi 191: zinafaa kwa sababu nyingi zimetulia, zina ukijivu au udongo ndani yake, na hazigombani na matofali ya zamani wala mbao zilizozeeka. Hilo ni jema. Lakini jina la kihistoria halithibitishi kwamba nyumba yako iliwahi kuvaa rangi hiyo. Ushahidi huo uko kwenye mbao zenyewe, na tutaufikia.

Stika za sampuli

Hizi ni karatasi zenye ukubwa unaokaribia A4 au zaidi, zilizopakwa rangi halisi na zenye gundi nyuma. Ubora wake ni wepesi: unabandika, unahamisha, unarudisha, na hakuna brashi ya kuosha. Kwa kupunguza rangi tano zibaki mbili hakuna kilicho bora. Kasoro zake ni mbili, na zote zinahusu nyumba ya zamani. Stika hazishiki kwenye rangi iliyozeeka inayotoa unga, utazikuta sakafuni asubuhi. Na uso wake ni laini kabisa, wakati ukuta wa lipu ya zamani una mawimbi na vitundu vinavyotupa vivuli vidogo vidogo, kwa hiyo rangi ileile huonekana imekolea zaidi ukutani kuliko kwenye stika. Mng'ao nao ni wa aina moja, hivyo sakafu na dari huwezi kuzipima kwa usawa.

Programu za simu

Kwa kuchagua rangi yenyewe, hatuzipendekezi. Kamera ya simu husahihisha mwanga bila kuulizwa: ikiona kivuli chenye ubuluu, hukiondoa, na ubuluu huo ndio uliotakiwa kuuona. Kisha skrini inaongeza mwangaza wake. Matokeo ni picha safi ya baraza ambalo halipo.

Zina matumizi moja ya thamani kubwa, hata hivyo. Piga picha ya baraza kutoka mbele ya nyumba, ipake rangi kwenye programu kwa kukadiria tu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Hapo utaona mpangilio wa giza na mwanga bila kusumbuliwa na rangi. Kama nguzo zimezama kwenye ukuta wa nyuma, zitazama hivyohivyo hata ukibadilisha kijani kuwa buluu. Nguzo zinabeba paa, na jicho linataka kuliona jambo hilo. Zikipakwa rangi ya kukolea kuliko ukuta ulio nyuma yake, na ukuta huo tayari uko kivulini, paa huonekana kama linaelea. Kosa hilo hugunduliwa kwa dakika moja kwenye picha isiyo na rangi.

Mashine ya dukani ya kunakili rangi

Unapeleka kipande cha rangi, mashine inakisoma kwa mwanga, kompyuta inatoa fomula ya kuchanganya. Tunaiheshimu huduma hii, na inaokoa sana unapotaka kurekebisha sehemu ndogo bila kupaka upya nyumba nzima. Ila inasoma kile ulichoiletea. Ukipeleka kipande kilichopauka kwa jua, utapewa rangi iliyopauka. Ukipeleka kipande chenye uchafu au moshi, utapewa rangi yenye moshi. Kipande kiwe bapa, safi, kizima, na angalau ukubwa wa sarafu kubwa. Mabaki yaliyojikunja hayasomeki vizuri.

Mambo matatu ya kusisitiza ukiwa kaunta. Taja aina ya rangi utakayotumia kabla ya kusoma, kwa sababu fomula ya rangi ya maji haiwezi kuhamishiwa kwenye rangi ya mafuta wala kutoka kampuni moja hadi nyingine. Omba tone lipakwe kwenye kifuniko likaushwe na kulinganishwa na kipande chako hapohapo, halafu toka nalo nje ya duka ulitazame kwenye mwanga wa mchana: rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa za duka na kuachana nje, kama zimetengenezwa kwa chembe tofauti za kutia rangi. Na fomula iandikwe kwenye lebo ya kopo. Ipige picha, maana matone yataifunika lebo hiyo kabla kazi haijaisha. Ukinunua makopo zaidi ya moja, yamimine yote kwenye ndoo moja kubwa uyakoroge pamoja. Tofauti ndogo kati ya kopo na kopo haionekani ndani ya kopo, inaonekana katikati ya ukuta.

Kopo la sampuli

Hapa ndipo uamuzi wa kweli unapofanyika. Chukua plaiwudi au hadibodi ya sentimita 60 kwa 60, ipake praima nyeupe, kisha makoti mawili ya rangi ya sampuli hadi kwenye kingo. Usiache mpaka mweupe pembeni, kwa sababu weupe huo utaifanya rangi ionekane nzito kuliko ilivyo. Tumia rola kama ukuta utapakwa kwa rola, brashi kama ni mbao. Acha ikauke siku nzima. Rangi nyingi za maji hukolea zikikauka, lakini chokaa ya rangi hufanya kinyume kabisa: ikiwa mbichi huonekana nzito, ikikauka hupauka hatua kadhaa, na anayeihukumu ikiwa na maji hupata ukuta mweupe.

Ubao uegemezwe ukutani ndani ya baraza, si kwenye ngazi wala uani. Utazame asubuhi, adhuhuri na jioni, siku ya mawingu pia, na usiku taa ya baraza ikiwaka. Taa ya 2700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wa taa) huongeza umanjano na kuua buluu. Taa ya 4000 K huacha rangi karibu na ilivyo mchana. Kama unapanga kubadilisha taa, ibadilishe kabla ya kuchagua rangi. Tengeneza ubao wa pili wa rangi ya sakafu uulaze chini mbele ya ule wa ukuta, kwa sababu sakafu itaurushia ukuta rangi yake na ni lazima uone hivyo vikiwa pamoja.

Kwa nini tusipake moja kwa moja ukutani? Kwanza, rangi ya zamani inayouzunguka mraba wako hulipotosha jicho. Pili, rangi za sampuli za kampuni nyingi si bidhaa kamili; zimetengenezwa kwa kutazamwa na hazikukusudiwa kuhimili mvua na jua. Ukizifunika kwa rangi ya kudumu, mraba huo unaweza kuonekana kama doa lenye mng'ao tofauti, au ukaanza kubanduka peke yake.

Kuisoma mbao yenyewe

Atakaye kujua nyumba ilivaa rangi gani zamani hahitaji kubahatisha. Chagua mahali palipofichika na jua na mvua, kama upande wa ndani wa fremu au chini ya boriti. Lowanisha, kisha sugua duara dogo kwa msasa wa maji, namba 180 kwanza, halafu 320, ukimalizia na 600, ukiupanua ukingo taratibu ili matabaka yajitokeze kama pete, ya zamani kabisa ikiwa katikati. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Pete nyembamba yenye mstari wa uchafu juu yake ilikuwa rangi ya mwisho ya kipindi fulani, kwa sababu ilikaa nje ikapata vumbi. Pete isiyo na uchafu juu yake kwa kawaida ni praima au koti la kwanza tu, hiyo usiihesabu. Na usiuamini umanjano mara moja. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi za zamani hugeuka manjano yakifungiwa gizani chini ya matabaka, kwa hiyo nyeupe ya asili hujitokeza ikiwa krimu. Iache ikae kwenye mwanga siku kadhaa, sehemu ya umanjano itaondoka.

Hapa pana hatari isiyotaniwa. Rangi za zamani za nje zina uwezekano mkubwa wa kuwa na risasi, yaani ile metali yenye sumu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 uliizuia risasi nyeupe kwenye upakaji wa ndani ya majengo, na nje ikaendelea kutumika. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kama nyumba ni ya zamani, chukulia kwamba risasi ipo mpaka kipimo kiseme haipo. Usisugue kavu, usitumie mashine ya msasa isiyo na kivuta vumbi, na usichome rangi kwa moto wa gesi. Tandaza plastiki chini, lowanisha, kusanya mabaki yote, na watoto pamoja na wajawazito wakae mbali. Udongo wa chini ya baraza ndio unaopokea mabaki na ndio watoto wanaouchezea.

Rangi zinazodumu na zisizodumu

Wauzaji hawaelezi sana jambo hili, na linagusa uchaguzi moja kwa moja. Rangi mbili zinazofanana kwenye kadi zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa, kwa sababu chembe zilizomo ni tofauti. Oksidi za chuma, zinazotoa nyekundu ya udongo, manjano ya udongo, kahawia na nyeusi, hazibabaishwi na jua. Nyeupe ya titani nayo ni imara. Nyekundu ya kung'aa, manjano ya limau na zambarau mara nyingi hutegemea chembe za kikaboni, na nyingi za aina hiyo hupauka zikipigwa na jua la mchana. Ukitaka mlango mwekundu unaotazama jua, chagua nyekundu iliyoegemea tofali badala ya ile ya gari la zimamoto. Kwenye kivuli cha dari au ukuta wa ndani wa baraza, una uhuru zaidi.

Rangi zilizokolea zina tabia nyingine. Zinachanganywa kwenye msingi usio na weupe mwingi, kwa hiyo nyekundu na manjano kali hazifuniki kirahisi: makoti matatu au manne ni jambo la kawaida. Praima iliyotiwa kijivu cha wastani hupunguza koti moja au mawili. Na mbao zenye rangi ya giza zikikaa juani hupata joto sana, hutanuka na kusinyaa kwa nguvu, viungo vya zamani vikafunguka na utomvu wa vifundo ukatoka. Vifundo vipakwe sheleki (vanishi inayozuia utomvu) kwanza, hata kama mbao ina umri mkubwa.

Rangi ipi kwa sehemu ipi

Kwa mbao za pembeni, nguzo na ukingo (uzio mfupi wa baraza wenye reli na nguzo ndogo), rangi ya maji ya akriliki ya nje, ya nusu mng'ao, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Inanyumbuka na mbao na haigeuki manjano. Rangi ya mafuta hutandazika vizuri na hukauka ikiwa ngumu, lakini huendelea kukakamaa mwaka hadi mwaka mpaka inapasuka. Kasoro ya akriliki ni kwamba haishiki juu ya glosi ya zamani ya mafuta bila maandalizi. Kujua iliyopo ni ipi, loweka pamba kwenye spiriti uisugue rangi: ikilainika na kupaka pamba, ni ya maji; isipotoka, ni ya mafuta, na itabidi uivunje mng'ao kwa msasa uliolowa kisha uweke praima ya kushikisha. Halafu jaribu ushikaji wa matabaka yaliyopo: kata alama ya X kwa wembe mpaka kwenye mbao, bandika selotepu, ivute kwa ghafla. Ikiondoka na rangi, hakuna chapa ya bei yoyote itakayokuokoa. Rangi mpya itabanduka pamoja na ile ya zamani iliyo chini yake.

Ukuta wa chokaa wa zamani unahitaji rangi inayopumua: chokaa yenyewe kwa makoti manne au matano mepesi, au rangi ya silikati, ambayo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza mwaka 1878. Filamu nzito ya plastiki hufungia unyevu unaopanda kutoka ardhini, na baada ya muda unaona mapovu sentimita 30 hadi 60 kutoka sakafuni. Ukichagua chokaa, uwanja wa rangi unapungua, kwa kuwa ukali wa chokaa huziua chembe nyingi. Buluu ya Prussia, kwa mfano, huharibika ikawa ya kahawia. Rangi za udongo ndizo zinazokaa. Na kumbuka kwamba chokaa na silikati hazishiki juu ya rangi ya plastiki, kwa hiyo ukuta uliokwisha kupakwa plastiki lazima usafishwe mpaka kwenye lipu.

Bati au chuma chenye zinki kisipakwe rangi ya kawaida ya mafuta moja kwa moja. Zinki hukutana na mafuta ikatengeneza kitu kama sabuni katikati, na rangi hutoka kama karatasi. Tumia praima iliyoandikwa kwamba ni ya bati la zinki.

Sakafu inataka rangi ya sakafu, na hapo hatulegezi msimamo. Rangi nzuri ya ukuta iliyowekwa sakafuni huchubuka kwenye njia ya mlangoni mapema sana. Changanya chembe za kuzuia utelezi kwenye koti la mwisho, hasa kwenye ngazi. Kwa ngazi za mbao, sehemu inayokanyagwa ichukue rangi ya sakafu, na uso wa wima uchukue rangi nyeupe ya mbao za pembeni: mtu anayepanda jioni huona kila hatua ilipo.

Sehemu ya kukutania rangi

Rangi mbili zibadilike kwenye kona ya ndani, kamwe zisibadilike kwenye ukingo wa nje unaoonekana pande zote. Boriti ya mbele ya baraza ina uso wa nje, uso wa chini na uso wa ndani. Pande zote tatu zichukue rangi ya mbao za pembeni, na dari ianze pale boriti inapokutana na mbao za dari. Watu wengi huupaka uso wa chini rangi ya dari, na ukitazama kutoka nje boriti huonekana imekatwa. Rangi tatu zinatosha baraza la kawaida, ya nne iwe ya mlango. Kila mchongo ukipewa rangi yake, jicho halipati pa kutulia. Dari ya buluu hafifu inapendeza kwa sababu inaendeleza anga ndani ya kivuli, lakini usiinunue kwa ahadi kwamba itafukuza nyigu.

Kiasi

Chukua baraza la mita 6 kwa 2. Lita moja hufunika takribani mita 10 za mraba kwenye uso laini, 6 hadi 8 kwenye lipu ya mawimbi. Sakafu ni mita 12 za mraba, kwa hiyo makoti mawili ni lita 2.4, nunua 3, kwa sababu mbao kavu hunywa. Dari ya mbao zenye mifereji iongezee asilimia 15, utapata karibu lita 2.8. Ukingo ndio unaowashangaza watu. Nguzo ndogo za sentimita 4 kwa 4, urefu sentimita 80, zikipangwa kila sentimita 12, zinafika 50. Kila moja ina mita 0.128 za mraba, jumla 6.4. Reli ya juu na ya chini, zenye mzunguko wa sentimita 30 kila moja, zinaongeza 3.6. Hiyo ni mita 10 kamili: kitu kinachoonekana kama hewa tupu kinakula rangi karibu sawa na sakafu, na kinakula muda mara tatu zaidi. Nguzo ya duara ya kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 2.5 ina mita 1.6 za mraba, nne ni mita 6.3 za mraba.

Paka kukiwa na joto kati ya nyuzi 10 na 32, unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na mbao ziwe chini ya asilimia 15 ya unyevu kwa kipimo. Fuata kivuli, usipake mbao inayochomwa na jua saa hiyo, kwa sababu ngozi ya juu hukauka kabla ya chini na mapovu hufuata. Mbao iliyokwanguliwa ikabaki tupu ipate praima ndani ya wiki mbili. Jua huuvunja uso wake na rangi hushika uso uliokufa. Lipu mpya ya saruji isubiri siku 28. Sakafu ikanyagwe kwa soksi baada ya saa 24, viti virudi baada ya saa 72 vikiwa na vipande vya fulana chini ya miguu, na mkeka wa mpira usiwekwe mpaka mwezi uishe, la sivyo utanasa na kubandua rangi siku utakapouinua.